Fedha za Kuwafundisha Vijana Wetu Kazi ya Simu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu na Kazi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Nakuru)



Kamati yenu ilitumwa na mkutano wa mwaka uliopita ichunguze jambo moja, nalo ni hili: kwa nini kazi ya kulaza kebo za simu yapita mbele ya milango yetu kila siku, na vijana wetu hawapati ndani yake ila jembe na sululu? Tumetembea, tumeuliza, tumesoma sheria na taarifa za serikali, na leo twaleta majibu pamoja na azimio litakalopigiwa kura kabla ya chakula. Twawaomba mtusikilize kwa subira, maana habari yenyewe ni ndefu kidogo na ina hesabu ndani yake.

Mambo yalivyo sasa ni haya. Mtu atembeaye kutoka Kaptembwo kwenda mjini, au ashikaye njia ya Bahati, hatakosa kuwaona vijana wamejipanga kando ya barabara wakichimba mtaro wa kupitisha faiba. Hulipwa kwa mita. Mvua ikinyesha hawalipwi. Jiwe likitokea, hilo ni lao. Mtaro ukiisha kuchimbwa na bomba kulazwa, huja gari dogo lenye mafundi wawili au watatu, ambao mara nyingi wametoka Nairobi. Hao hutandika turubai, hukaa juu ya vigoda, hufungua sanduku lenye mashine isiyozidi ukubwa wa mkate, na kwa muda wa saa chache huunganisha kebo, huipima, hufunga kila kitu na kwenda zao. Yule aliyechimba mita mia mbili hajui walichofanya. Siku mtaro unapofukiwa, kazi yake imekwisha. Bali fundi ataitwa tena kesho, na mwezi ujao, na kila mara trekta au mwizi wa nyaya atakapoikata kebo ile.

Hatusemi hivi kwa kulidharau jembe. Wengi tulioketi hapa tulisomeshwa kwa jembe. Lakini kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye wazazi wake waliuza ng'ombe ili asome fizikia, akikaa miaka mitano katika mtaro huohuo bila kupanda daraja hata moja, hiyo ni hasara kwake na kwa nchi.

Pengine wako wanaofikiri kwamba kazi ya mafundi wale ni elimu ya juu sana isiyofikika. Sivyo. Uzi wa faiba ni kioo. Unene wake ni sehemu 125 kati ya sehemu 1,000 za milimita moja, na ile njia ya katikati ipitishayo mwanga ni kama sehemu 9 tu. Fundi huumenya uzi, huusafisha kwa spiriti, huukata kwa kisu maalumu ili uso wake uwe sawasawa, kisha huuweka katika mashine; nayo huzikutanisha ncha mbili na kuziyeyusha pamoja kwa cheche ya umeme. Vumbi kidogo likiingia, au kisu kikiwa butu, mwanga hupotea pale, na mashine yenyewe husema kiasi gani kimepotea. Basi ni kazi ya mkono mtulivu, macho mema na usafi. Kijana mwenye akili aweza kuishika namna yake kwa siku chache. Linalochukua miezi ni kufikia kuaminiwa peke yake, usiku, juu ya nguzo, mji mzima ukiwa umekatikiwa na simu. Hilo halifundishwi kwa kitabu. Mtu hulipata kwa kukaa karibu na fundi mwingine, na hiyo ndiyo maana ya uanagenzi.

Tena yafaa tukumbuke kwamba kazi hii si ngeni katika Bonde la Ufa. Waya wa simu ulikuja hapa sambamba na reli, nayo reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Baadaye Posta na Simu za Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa idara moja, na mwaka 1948 idara hiyo ikaanzisha shule yake kuu ya mafunzo, ile ambayo watu waliizoea kwa jina la Mbagathi, nje kidogo ya Nairobi. Aliyepelekwa Mbagathi alikuwa amekwisha kuandikwa kazi. Alifundishwa nyaya, nguzo, swichibodi na mitambo kwa gharama ya yule aliyemhitaji, na alipomaliza alijua anakokwenda.

Wala tusiipake chokaa enzi hiyo. Mishahara ilihesabiwa kwa rangi ya mtu. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948, ilikubali kanuni ya kumlipa asiye Mzungu sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu, na ni Tume ya Lidbury, mwaka 1954, iliyopendekeza kanuni hiyo ifutwe. Waafrika waliopanda nguzo walikuwa wengi. Waliokaa na funguo za mitambo walikuwa wachache. Twaitaja shule ile kwa sababu moja tu: palikuwa na jibu la wazi kwa swali la nani alipe. Mwajiri ndiye aliyelipa.

Uhuru ulipokuja, mambo yalikwenda mbele. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa, cha kwanza katika Afrika Mashariki. Na wazee wetu waliokuwa wakipita njia ya Mai Mahiu waliliona lile sahani kubwa jeupe likitazama mbinguni chini ya mlima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda Shirika lake la Posta na Simu, ambalo shule ya Mbagathi ikawa mali yake. Shirika hilo ndilo lililoweka Gilgil kiwanda cha kutengeneza vyombo vya simu. Katika siku hizo mtu wa Nakuru aliweza kusema, bila kujigamba, kwamba simu aliyoishika mkononi ilitengenezwa kwa jirani na sauti yake ilikwenda ng'ambo kupitia kwa jirani mwingine.

Hayo yalipita. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1998 ililigawa Shirika, na mwaka 1999 zikatokea Telkom Kenya, Shirika la Posta, na Tume ya Mawasiliano, ambayo tangu mwaka 2014 yaitwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni za simu za mkononi zikastawi. Telkom ikapunguza wafanyakazi kwa maelfu, na mafundi wengi waliojua nyaya za shaba tu wakarudi nyumbani na barua zao. Shule ya Mbagathi nayo ikabadilika: ikawa Chuo cha Teknolojia ya Mawasiliano, mwaka 2008 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Multimedia. Hatuoni vibaya nchi kupata chuo kikuu. Lakini tunaona kwamba njia ile ya zamani, ya mtu kuandikwa kwanza na kufundishwa baadaye, ilifungwa, na hapakufunguliwa nyingine yenye upana sawa na ile.

Hapa ndipo penye fundo, ndugu. Siku hizi kampuni kubwa ya simu hailazi kebo yake yenyewe. Humpa kazi kontrakta. Kontrakta humpa kontrakta mdogo. Naye huwakusanya vijana pale pale barabarani. Kila mmoja hukata faida yake, na anayebaki mwisho hana akiba ya kumfundisha mtu. Kampuni yasema kufundisha ni kazi ya kontrakta. Kontrakta asema, nikimfundisha kijana huyu, mwezi ujao atachukuliwa na mwenzangu aliye ng'ambo ya barabara, nami nitakuwa nimemlipia yeye. Kwa hiyo kila mmoja humngoja mwenzake afundishe ili yeye aje achukue, na wote wakingoja, hapana afundishaye. Hatuwalaumu sana, hata duka la mboga lingefanya hivyo. Jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulilipia bila kuibiwa faida yake ni lazima lilipiwe na wengi kwa pamoja.

Tena nchi yetu ilikwisha kuligundua hilo zamani. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ilitungwa mwaka 1959, na mwaka 1971 ikatiwa kifungu cha ushuru wa mafunzo, ili waajiri wote wachange na wale wanaofundisha warudishiwe. Msimamizi wake tangu mwaka 2011 ni Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo wengi huiita NITA. Kwa amri ya mwaka 2007 mwajiri hutoa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi. Ni fedha ndogo kwa mtu mmoja, lakini hebu tuzihesabu: shamba la maua la Naivasha lenye wafanyakazi 1,000 hutoa shilingi 600,000 kwa mwaka. Mashamba ya namna hiyo kando ya ziwa mnayajua. Basi sehemu yetu hii ya Bonde la Ufa si maskini wa ushuru wa mafunzo. Fedha hutoka hapa.

Zarudi vipi? Mwajiri aliyelipa ushuru, akawapeleka watu wake kwa mafunzo yaliyokubaliwa, aweza kudai sehemu ya gharama. Kwa hiyo anayerudishiwa ni yule mwenye karani wa kujaza fomu kwa wakati wake, mwenye orodha ya wafanyakazi na stakabadhi zote. Sisi tulio makarani twajua uzito wa jambo hilo: haki nyingi hapa duniani hufia katika faili. Kontrakta mdogo mwenye pikapu moja na ngazi mbili mara nyingi hajui hata kwamba ana haki ya kudai. Na wale vijana wanaolipwa kwa mita, ambao majina yao yameandikwa kwa kalamu ya risasi katika daftari la mnyapara, hawamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Kadhalika uanagenzi wenyewe. Kwa sheria, mwanagenzi ni mtu aliyefunga mkataba na mwajiri, na mkataba huo ukaandikishwa. Asiye na mwajiri hawezi kuwa mwanagenzi, hata awe na bidii namna gani. Vyuo vya NITA vyenyewe viko Nairobi, Athi River, Mombasa na Kisumu. Mwana wa Molo avitakaye sharti apande gari.

Iko fedha ya pili, ambayo wanachama wengi hawakupata kuisikia. Sheria ya Mawasiliano, iliyorekebishwa mwaka 2009, iliunda Mfuko wa Huduma kwa Wote. Wenye leseni za mawasiliano huutolea asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, yaani shilingi 5 katika kila shilingi 1,000. Watu huufahamu, kama waufahamu, kwa minara iliyojengwa katika sehemu za ukiwa na kwa intaneti iliyopelekwa katika shule za sekondari. Hiyo ni kazi njema. Lakini maneno ya sheria yataja pia kujenga uwezo wa watu katika habari na mawasiliano. Twaona kwamba mnara bila mtu wa jirani awezaye kuutengeneza ni nusu ya huduma. Ukiharibika Jumamosi, watu wa sehemu ile hungoja gari litoke mbali. Kamati imependekeza chama kiiandikie Mamlaka barua ya heshima, kikiuliza ni kwa njia gani chama cha ustawi kama hiki kinaweza kuleta ombi la mafunzo ya mafundi. Barua haina gharama ila stempu.

Fedha ya tatu ni ya wanafunzi wenyewe. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa vyuo vya ufundi vya umma, karo ikiwa imewekwa kuwa shilingi 56,420, na Bodi ya Mikopo ikafungua mlango kwa wanafunzi hao. Mwaka 2023 utaratibu ukabadilishwa, ikawa ni msaada na mkopo kwa kadiri ya hali ya nyumbani kwa mwanafunzi. Hapa Nakuru tuna chuo kikubwa tulichokijua miaka mingi kwa jina la RVIST, matunda ya michango ya Harambee ya miaka ya 1970, ambacho sasa ni chuo cha ufundi cha kitaifa. Wazazi wengi waliomo katika chumba hiki wana watoto huko au katika vyuo vidogo vya ufundi. Tumewauliza. Nao wamejibu kwamba karo ni mzigo, naam, lakini mzigo unaobebeka. Panapowavunja mgongo ni pengine.

Nao ni huku: mwanafunzi akimaliza masomo ya darasani, sharti aende kwa mwajiri miezi kadhaa kwa mazoezi ya kazi, ndipo apewe cheti. Mazoezi hayo mara nyingi hayana mshahara. Kampuni za simu na makontrakta wao wengi wako Nairobi. Kwa hiyo mtoto wa Bondeni atapanga chumba Nairobi, atapanda gari kila siku, atakula, atanunua viatu vya kazi na kofia ngumu, na hapo hapati hata senti moja. Mkopo umekwisha kutumika. Wazazi walidhani wamemaliza.

Tutawapa mfano mmoja, kwa ruhusa ya wazazi wake, bila kumtaja jina. Binti wa mwanachama wetu wa Langa Langa alisoma mawasiliano ya simu mpaka akamaliza masomo yote. Akapata nafasi ya mazoezi Nairobi kwa miezi mitatu. Baba yake alikuwa mgonjwa mwaka ule. Walitafuta kodi ya nyumba na nauli, hawakuipata yote. Nafasi ikapewa mwingine. Sasa ni mwaka wa pili, na binti huyo hukaa katika kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu. Kila siku hutumia mtambo ambao alisomea kuutengeneza. Si kazi ya aibu, na anaifanya kwa uaminifu. Lakini fedha ya serikali, mkopo wake, na miaka yake mitatu ya masomo vyote vimesimama mlangoni, kwa kukosa kiasi cha fedha ambacho chama hiki hutumia kwa mazishi mawili.

Kwa hiyo tumeonelea vema tusiombe chama kilipe karo. Karo ina wenyewe. Twaomba chama kianzishe Mfuko wa Uanagenzi, utakaolipia yale ambayo hapana mtu mwingine anayeyalipia: kodi na nauli wakati wa mazoezi ya kazi, viatu, kofia na mshipi wa kupandia nguzo, na ada ya mtihani wa ufundi wa serikali, ule wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, kwa vijana waliojifunza kwa mikono mitaroni na ambao hawana karatasi ya kuonyesha. Kijana mwenye cheti cha daraja la tatu bado ni kijana wa mtaroni, lakini ni kijana ambaye kontrakta atamfikiria kwanza atakapohitaji mtu wa kushika kisu cha faiba.

Hesabu yake ni hii. Tuseme wanachama 200 wakubali kutoa shilingi 100 kila mmoja kwa mwezi. Hizo ni shilingi 20,000 kwa mwezi, na shilingi 240,000 kwa mwaka. Tukikadiria shilingi 27,000 kwa kijana mmoja wa mazoezi ya miezi mitatu, twaweza kuwapeleka wanane kwa shilingi 216,000, na zitakazobaki zikalipia mitihani na vyombo. Kijana akiisha kupata kazi atarudisha nusu, kidogo kidogo, katika muda wa miaka miwili, ili mwingine apelekwe. Kamati ilibishana juu ya nusu hii. Wengine walitaka arudishe yote. Wengine walisema chama cha ustawi hakikopeshi watoto wake. Nusu ndiyo iliyotuwezesha kumaliza mkutano kabla ya giza.

Tulifikiri pia kununua mashine ya kuunganisha faiba iwe mali ya chama. Mashine nzuri ni malaki ya shilingi. Baadhi yetu waliipenda sana, hasa waliokwenda kuiona, kwa maana ina kioo kidogo kinachoonyesha uzi umekuzwa kama kamba ya meli. Walio wengi walikataa kwa mwaka huu. Mashine bila mwalimu ni kama cherehani iliyofungiwa kabatini, na wote twakumbuka vitu vilivyonunuliwa na vyama kwa shangwe ambavyo leo vimelaliwa na kuku. Ni heri tumlipe fundi mwenye mashine yake awakalishe vijana karibu naye siku za Jumamosi.

Jambo la mwisho la azimio halihitaji fedha, bali lahitaji miguu. Atakaye kuchimba kando ya barabara za Kaunti hupata kibali kwa Serikali ya Kaunti. Hapo ndipo mahali pamoja ambapo kampuni kubwa, kontrakta na mwenyeji hukutana mezani. Twapendekeza ujumbe wa watu watano uende kwa wahusika wa Kaunti kuomba kwamba kila apewaye kibali cha kulaza kebo ndefu achukue vijana kadhaa wa mahali pale kama wanagenzi, kwa mkataba ulioandikishwa, nao wahesabiwe katika ushuru wa mafunzo kama wafanyakazi wengine. Na wasichana wawemo. Katika swichibodi za zamani wanawake waliziunganisha sauti za watu mchana kutwa. Sioni, wala kamati nzima haioni, kwa nini mkono uliokuwa mwema kwa waya usiwe mwema kwa kioo. Tena majina yatakayopelekwa yachaguliwe mbele ya wanachama wote. Mtoto wa mjumbe wa kamati asitangulie. Twalisema hili mapema kwa sababu twajuana.

Sasa tuyajibu yaliyosemwa pembeni. Wazee wengine wamesema kwamba chama kingefanya vema zaidi kumpeleka mtoto mmoja chuo kikuu kuliko wanane kupanda nguzo. Twawaheshimu, na hatukuja kugusa mfuko wa masomo ya juu. Utabaki kama ulivyo. Lakini twakumbusha kwamba hata safari zile kubwa zilianza kwa fedha ndogo. Mwaka 1959, ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyopangwa na marehemu Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani ilipoondoka na wanafunzi 81, nyuma yao walikuwako watu wa vijijini na mijini waliochanga fedha kidogo kidogo kwenye mialiko ya chai kwa ajili ya nauli na mahitaji. Mialiko ile haikuuliza kama fedha zatosha kwa wote.

Wengine wamesema: kebo zikiisha kulazwa, kazi itakwisha, je, hamwapeleki vijana mahali palepale walipoangukia mafundi wa shaba? Neno hili ni zito, na hatuna jibu la kulimaliza. Kweli kulaza kutapungua siku moja. Kutengeneza hakutapungua upesi, kwa maana nyaya hukatwa, nyumba hujengwa, na kila nyumba mpya huko Kiamunyi au London yahitaji uzi wake. Lakini funzo la mafundi wa shaba ni kwamba mtu asifundishwe chombo kimoja tu. Kwa sababu hiyo tumeandika katika azimio kwamba kijana atakayesaidiwa awe amepata msingi wa umeme, wa kupima, na wa kompyuta, au awe anausomea jioni. Atakayekuwa na msingi huo, chombo kikibadilika atabadilika nacho kwa jasho kidogo zaidi. Zaidi ya hapo hatuwezi kumwekea mtu dhamana.

Azimio mnalo mikononi, katika ukurasa wa nyuma wa taarifa hii. Kura itapigwa kwa kuinua mikono, kifungu kwa kifungu, ili anayekubali ujumbe wa Kaunti asilazimike kukubali shilingi 100. Bwana Mweka Hazina ana daftari jipya juu ya meza iliyo karibu na mlango. Atakayependa kutoa ya mwezi wa kwanza leo atapewa stakabadhi. Na yule binti wa Langa Langa, tumemtafutia kontrakta mmoja aliye tayari kumpokea kwa miezi mitatu, mradi afike Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Chumba kimekwisha kuonwa. Mfuko ukipita, shilingi 27,000 zitatoka Ijumaa. Usipopita, kamati haina mahali pengine pa kuzitoa.